Kutatua hitilafu za intaneti ya kupiga simu kwenye kompyuta ya zamani

Kompyuta inayoingia kwenye intaneti kwa modemu (kifaa kinachogeuza data kuwa milio ya kupita kwenye simu) na laini ya simu hupitia hatua zilezile kila mara: modemu hushika laini, husubiri mlio wa laini, hupiga nambari, hupokewa na modemu ya mtoa huduma na kukubaliana nayo kasi, kisha jina la mtumiaji na nenosiri hukaguliwa, kompyuta hupewa anwani ya IP, na hapo ndipo kivinjari kinapoweza kuomba ukurasa. Hitilafu yoyote huwa imekaa katika mojawapo ya hatua hizo, na dalili zake huonekana au husikika papo hapo. Kazi ya kwanza ya anayerekebisha ni kujua simu imefika wapi kabla ya kukwama, jambo ambalo hujulikana kwa dakika chache bila kufungua kompyuta wala kufuta chochote. Wengi hukimbilia kusakinisha Windows upya ilhali kosa liko kwenye waya wa ukutani. Matokeo yake hupoteza programu inayoiendesha modemu, ambayo pengine haipatikani tena kwa urahisi, na tatizo moja likazaa la pili.

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua simu ya kawaida, ichomeke kwenye tundu lilelile linalotumiwa na modemu, kisha piga nambari ya mtoa huduma kwa mkono. Upande wa pili ukipokea, utasikia mlio mwembamba wa juu, wa mawimbi 2100 kwa sekunde, unaokatika kidogo kila baada ya muda mfupi, ukifuatiwa na milio mingine ya modemu inayotafuta mwenzake. Ukisikia mlio huo, laini na nambari ni nzima na tatizo liko kwako. Ukisikia sauti iliyorekodiwa ikisema kuwa nambari haitumiki, au simu ikiita bila kupokewa, hakuna mpangilio wowote wa kompyuta utakaokusaidia. Jaribio hili lina uzito mkubwa zaidi leo kuliko zamani, kwa kuwa huduma za namna hii zinafungwa moja baada ya nyingine. AOL ya Marekani, iliyokuwa maarufu kuliko zote, ilizima huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Nambari iliyohifadhiwa kwenye kompyuta kwa miaka mingi isichukuliwe kuwa bado iko hai.

Laini ya simu

Inua mkonga wa simu ileile, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha sikiliza kwa makini. Panapaswa kuwa na ukimya kamili. Mkwaruzo, mvumo wa umeme au sauti za watu wengine kwa mbali humaanisha kuwa laini ina unyevu, kiungio kilicholegea au waya uliochubuka. Binadamu huweza kuzungumza juu ya kelele hizo bila shida, lakini modemu hutumia karibu upana wote wa sauti unaopitishwa na laini ya simu, yaani mawimbi 300 hadi 3400 kwa sekunde, na kelele ndogo tu huilazimisha kurudia data au kushusha kasi. Ondoa kwanza vigawanyio vyote, nyaya ndefu za kuongeza urefu, simu nyingine na mashine za faksi, ubaki na waya mmoja mfupi kutoka ukutani hadi kwenye modemu. Kelele ikitoweka, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Ikibaki, tatizo ni la kampuni ya simu, na ni vyema uwaeleze kwamba sauti ya mazungumzo yenyewe ina mkwaruzo, kwa sababu malalamiko ya kasi ya modemu hayapewi uzito sana.

Modemu nyingi zina matundu mawili yanayofanana, moja likiandikwa LINE na jingine PHONE. Waya wa ukutani huingia kwenye LINE. PHONE ni la kuunganisha simu ya mezani. Kuyabadilisha ni kosa la kawaida sana, hasa kwenye kompyuta iliyohamishwa mahali, na dalili yake ni ujumbe wa NO DIALTONE au, katika Windows, kosa namba 680. Laini ikiwa pia inabeba intaneti ya DSL, modemu ipite kwenye kichujio kama zinavyopita simu.

Tahadhari moja isipuuzwe: usichomeke modemu kwenye tundu la simu la ofisi lililounganishwa na swichibodi ya kidijitali. Plagi hufanana kabisa, ila umeme unaopita humo si ule ambao modemu ya kawaida imetengenezewa, na unaweza kuiunguza. Laini ya faksi ndiyo salama zaidi katika jengo la namna hiyo. Swichibodi ya kawaida ikihitaji tarakimu ya kutokea nje, iandike mbele ya nambari ikifuatiwa na alama ya mkato, kwa kuwa kila mkato huiambia modemu isubiri kwa kawaida sekunde mbili kabla ya kuendelea.

Wakati mwingine mlio wa laini upo na unasikika wazi, lakini modemu inashikilia kuwa haupo. Hutokea pale kampuni ya simu inapoufanya mlio udunde-dunde ili kumjulisha mteja kuwa ana ujumbe wa sauti, au pale mlio wa mfumo mpya unapotofautiana na ule ambao modemu ilifundishwa kuutambua. Sikiliza ujumbe huo na uufute, au ondoa alama ya tiki kwenye kipengele cha kusubiri mlio kabla ya kupiga, kilichomo katika mipangilio ya modemu ndani ya Windows. Kwa anayeiandikia modemu amri moja kwa moja, amri ya kuongeza ni ATX3, ambayo huifanya modemu ipige bila kusubiri mlio huku ikiendelea kutambua laini inayotumika.

Laini zinazopita kwenye kisanduku cha intaneti zinastahili maelezo ya pekee, maana ndiko wanakohangaika wengi wanaofufua kompyuta za zamani. Kisanduku hicho huigeuza sauti kuwa pakiti, na modemu iliyochomekwa humo hufanya kazi kwa shida. Mifumo ya kubana sauti kama G.729 imeundwa kwa ajili ya maneno ya binadamu, na huivuruga kabisa milio ya modemu. Zaidi ya hapo, pakiti moja ikichelewa au ikipotea, modemu huona kana kwamba laini imekatika ghafla. Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, ruhusu G.711, mfumo usiobana sauti namna hiyo, peke yake, zima kipengele kinachoacha kutuma pakiti wakati wa ukimya, na kama kuna mpangilio wa muda wa kukusanya pakiti kabla ya kuzitoa kama sauti, uweke kuwa wa kudumu badala ya kubadilika-badilika. Baada ya hapo shusha kasi ya modemu makusudi. Modemu zinazofuata kiwango cha V.250 hupokea amri AT+MS=V32B, inayoiwekea kikomo cha biti 14,400 kwa sekunde, au AT+MS=V34 kwa anayetaka kujaribu hadi 33,600. Muunganisho wa polepole unaodumu una faida kuliko wa kasi unaokatika kila dakika ya tatu, na mtu asione aibu kuanzia chini.

Je, kompyuta inaiona modemu?

Laini ikiwa safi, geukia upande wa kompyuta. Katika Windows 98, fungua Control Panel, ingia Modems, chagua ukurasa wa Diagnostics, bofya poti (mlango wa kuunganishia vifaa) yenye modemu, kisha bofya More Info. Katika Windows XP, njia ni Phone and Modem Options, sifa za modemu, Diagnostics, halafu Query Modem. Kompyuta itatuma amri kadhaa na kuonyesha majibu yake. Majibu yakijaa, modemu na kompyuta zinasikilizana, na unaweza kuiruka sehemu hii yote.

Yasipokuja, fungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuiandikia modemu amri, chagua poti ya modemu, andika AT na ubonyeze Enter. Modemu iliyo hai hujibu OK. Ikikaa kimya, na ni modemu ya nje, angalia taa zake: ile ya MR huonyesha kuwa ina umeme na iko tayari, na ile ya TR huwaka pale kompyuta inapokuwa imefungua poti. Taa ya TR isipowaka, waya kati ya kompyuta na modemu ndio wa kushukiwa, au poti iliyochaguliwa siyo. Herufi za ajabu zikijitokeza badala ya OK, kasi ya poti haijalingana.

Kwa kadi iliyo ndani ya kompyuta, chanzo kikubwa ni mgongano wa poti. Kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta za zamani, poti za COM1 na COM3 hutumia IRQ 4 (njia ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa) kwa pamoja, na COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Kipanya cha zamani kilichochomekwa COM1 na modemu iliyowekwa COM3 vitagombana, na dalili yake haina mfano: modemu inapiga simu, lakini kipanya kinaganda mara inapoanza, au muunganisho unakatika mtu anaposogeza kipanya. Hamishia modemu COM2 au COM4 kwa vijiti vidogo vya kuunganisha vilivyo juu ya kadi, au, kama hakuna kifaa kinachotumia COM2 ya bodi kuu, izime ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) ili modemu ipate nafasi.

Kadi nyingi za PCI za mwishoni mwa miaka ya 1990 hazina ubongo wake kamili. Kazi kubwa ya kuchakata milio hufanywa na prosesa ya kompyuta kupitia programu. Bila programu hiyo hasa, iliyotengenezwa kwa ajili ya chipu ileile na toleo lilelile la Windows, kadi ni bati tu. Soma namba iliyochapwa juu ya chipu kubwa ya kadi, maana jina la kwenye boksi mara nyingi halisemi lolote la maana. Kadi hizo pia huzidiwa kompyuta inapokuwa na kazi nyingi, kwa hiyo muunganisho unaokatika unapofungua programu nzito huenda ukapona kwa kufunga programu hiyo. Kwa mtu anayetafuta modemu ya kununua, nashauri bila kusita modemu ya nje ya poti ya COM, kwa sababu haihitaji programu ya pekee na taa zake husema kinachoendelea.

Poti ya COM yenyewe huweza kuwa kikwazo kwenye kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chipu ya 16550A ina hifadhi ya baiti 16 za kusubiri, wakati zile za 8250 na 16450 hushika baiti moja tu. Kompyuta ikichelewa kuichukua baiti hiyo, inayofuata huifuta. Kwa chipu hizo za zamani shusha kasi ya poti hadi 19,200 au chini yake. Kwa 16550A iweke 115,200, ili data inayobanwa na modemu isikwame mlangoni.

Modemu ambayo haioni mlio wa laini wakati simu ya kawaida inauona, na ambayo bado inajibu OK kwa kila amri, mara nyingi imepigwa na radi kupitia waya wa simu. Sehemu inayogusa laini huungua huku nyingine zikibaki nzima. Ibadilishe, na kuanzia hapo chomoa waya wa simu ukutani mvua ya radi inapokaribia, kwa kuwa kuzima kompyuta peke yake hakuilindi modemu.

Kupiga na kupokewa

Hakikisha spika ya modemu imewashwa kwa amri ATM1L2, au kwa kitelezi cha sauti katika mipangilio, halafu piga. Sikiliza mfuatano: mlio wa laini, tarakimu, simu kuita, mlio wa juu wa upande wa pili, milio ya kupimana, mvumo kama wa hewa, kisha kimya. Ukimya baada ya mvumo ni habari njema, kwani spika hujizima modemu zinapokubaliana.

Ujumbe wa BUSY, au kosa 676, humaanisha laini za mtoa huduma zinatumika. Jaribu nambari yake nyingine. Kosa 678 humaanisha hakuna aliyepokea. Ikiwa simu inapokewa na milio inapishana, kisha unapata NO CARRIER, modemu zimeshindwa kuelewana, na hapo rudi kwenye usafi wa laini au ushushe kasi kama ilivyoelezwa. Ongeza pia muda wa kusubiri, kwa sababu modemu nyingi hukata tamaa baada ya sekunde 50 au 60 tangu kuanza kupiga; amri ATS7=90 huipa sekunde 90.

Kuhusu kasi yenyewe, matarajio yawe ya haki. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 na V.92 cha mwaka 2000 hutaja biti 56,000 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ni ya kupokea tu, na hupatikana pale tu ambapo njia nzima kati ya kituo cha simu na mtoa huduma ni ya kidijitali. Muunganisho wa 40,000 hadi 50,000 ni mzuri sana. Ukikwama daima kwenye 26,400 au 28,800 licha ya laini isiyo na kelele, huenda sauti yako inageuzwa kuwa dijitali zaidi ya mara moja njiani, na hilo halirekebishwi ukiwa nyumbani. Na Windows ikikuonyesha 115,200, usifurahi bado: hiyo ni kasi ya poti, na kwa modemu nyingi amri ATW2 ndiyo itakayoifanya ionyeshe kasi halisi ya laini.

Jina, nenosiri na itifaki

Kosa 691 humaanisha jina au nenosiri limekataliwa. Angalia kwanza herufi kubwa na ndogo, kisha kama mtoa huduma anataka jina kamili lenye alama ya @ na kikoa. Windows 98 huyahifadhi manenosiri katika faili zenye mwisho wa .pwl ndani ya folda ya Windows. Faili hizo zikiharibika, kompyuta hutuma nenosiri bovu hata ukiliandika sawasawa. Zifute, washa upya, uandike tena.

Kosa 720 husema kuwa pande mbili hazikupata itifaki, yaani kanuni za kuwasiliana, ya pamoja. Katika sifa za muunganisho, bakiza TCP/IP, itifaki ya intaneti, pekee na uondoe NetBEUI na IPX/SPX, ambazo ni za mitandao ya ofisi, ondoa tiki ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi, na uhakikishe aina ya seva ni PPP, itifaki ya kubeba intaneti juu ya laini ya simu. Mabadiliko hayo hupunguza hata muda wa kuingia.

Ukishindwa kujua kama kosa ni lako au la mtoa huduma, piga kwa HyperTerminal kwa amri ATDT ikifuatwa na nambari. Baada ya neno CONNECT, huenda utaombwa jina na nenosiri kwa maandishi. Seva nyingine huanza PPP moja kwa moja. Zikijitokeza herufi zisizosomeka zinazoanza na ~ na zenye }# mara kwa mara, seva tayari inazungumza PPP na inasubiri jibu. Hapo unajua kwa hakika kwamba laini, modemu na seva ni salama, na kilichobaki ni mipangilio ya Windows.

Imeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki

Hakikisha kivinjari hakijawekwa kufanya kazi bila mtandao na hakitumii proksi ya zamani. Kisha endesha winipcfg katika Windows 98, au ipconfig katika XP, uone kama kiunganishi cha PPP kimepewa anwani. Baada ya hapo andika ping 8.8.8.8 kwenye dirisha la amri, ili kuona kama anwani hiyo ya intaneti inajibu. Majibu ya milisekunde 100 hadi 250 ni ya kawaida kwa modemu. Anwani ikijibu lakini jina la tovuti lisijibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Ruhusu seva ikupe anwani zake za DNS yenyewe.

Vyote viwili vikijibu na kurasa bado hazifunguki, kosa si la muunganisho tena. Tovuti nyingi leo hukataa usimbaji (ufichaji wa data njiani) wa toleo lililo chini ya TLS 1.2, na Internet Explorer ya Windows 98 au XP haiufikii. Tarehe ya kompyuta pia iangaliwe: betri ya CR2032 kwenye bodi kuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi na kila cheti cha usalama huonekana batili. Badili betri, weka tarehe, kisha ujaribu tovuti isiyotumia https ili kuthibitisha. Ukurasa ukifunguka, tafuta kivinjari kilichotengenezwa upya kwa ajili ya mifumo ya zamani, na uzime picha, kwa kuwa megabaiti moja huchukua zaidi ya dakika tatu hata kwa kasi ya 44,000.

Muunganisho ukikatika katikati ya kazi

Tazama kwanza kama hukatika kwa muda uleule. Kukatika baada ya dakika kadhaa za kutofanya lolote ni mpangilio wa Windows au wa mtoa huduma. Kukatika simu nyingine inapoingia husababishwa na huduma ya kusubirisha simu, ambayo mlio wake huivuruga modemu. Iombe kampuni ya simu msimbo wa kuizima kwa muda, uuweke mbele ya nambari pamoja na mkato. Kukatika bila mpangilio wowote husomwa kwenye faili ya kumbukumbu ya modemu. Ikionyesha kuwa mawimbi ya upande wa pili yamepotea kwa kitambo kidogo, ongeza ATS10=50, ili modemu ivumilie ukimya wa sekunde tano badala ya ile moja na nusu hivi ya kawaida kabla ya kukata simu.